Kutatua milinganyo sawia kwa njia ya kuondoa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa wanafunzi ninaowasaidia hesabu jioni hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, Uganda. Mengine yametoka kwa wazazi wao. Wengi walifika kutoka Kongo na Burundi wakiwa na Kiswahili chao, wakakuta hisabati ya sekondari inafundishwa kwa Kiingereza. Kila swali lina namba, na pale jibu linapotegemea jingine nimekutajia namba hiyo ili nisirudie maneno.

## Misingi

1. Milinganyo sawia ni nini?

Ni milinganyo miwili au zaidi inayozungumzia vitu vilevile visivyojulikana, na yote sharti iwe kweli kwa wakati mmoja. Wanafunzi huiita "saimoltenia" tu.

Chukua muuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) wa kando ya barabara. Wewe umekula chapati 1 na mayai 2, ukalipa shilingi 2,000. Rafiki yako mwenye njaa zaidi amekula chapati 3 na mayai 2, akalipa 3,600. Hakuna aliyetajiwa bei ya chapati wala ya yai. Bei ya chapati moja tuiite c, na bei ya yai moja tuiite m:

c + 2m = 2,000
3c + 2m = 3,600

Kazi yako ni kutafuta c na m zinazokubalika katika mistari yote miwili. Ukurasa huu unahusu milinganyo ya mstari, yaani ile ambayo herufi hazijapandishwa kipeo wala kuzidishwa zenyewe kwa zenyewe. Ukiichora kwenye grafu, kila mmoja unatoa mstari ulionyooka, na jibu ni pale mistari inapokatana.

2. Kwa nini mlinganyo mmoja hautoshi?

Kwa sababu unaruhusu majibu mengi mno. Ukiwa na c + 2m = 2,000 peke yake, chapati inaweza kuwa 1,000 na yai 500. Inaweza pia kuwa 800 na 600, au 600 na 700. Yote yanafika 2,000. Malipo ya rafiki yako ndiyo yanayochuja, yakabaki majibu ya jozi moja tu. Kwa kawaida herufi mbili zinahitaji milinganyo miwili, na herufi tatu zinahitaji mitatu. Habari ya pili lazima iwe mpya kweli. Isipokuwa mpya, tazama swali la 17.

3. "Kuondoa" maana yake nini? Tunaondoa nini?

Tunaondoa herufi moja ili ibaki moja, maana mlinganyo wa herufi moja unaujua tangu zamani. Rudi kwa rolex. Nyote wawili mmekula mayai 2, kwa hiyo mayai hayawezi kuwa sababu ya tofauti ya malipo. Rafiki yako amekuzidi chapati 2 na shilingi 1,600. Basi chapati 2 ni 1,600, na moja ni 800. Ukishajua hivyo, 800 + 2m = 2,000, kwa hiyo m = 600.

Umeshafanya njia yote ya kuondoa bila kalamu. Katika daftari inaandikwa hivi, tukitoa mlinganyo wa kwanza kutoka wa pili:

3c − c + 2m − 2m = 3,600 − 2,000
2c = 1,600
c = 800

Kila mwanafunzi mpya ninamwanzishia hapa, kwa chakula na fedha, kabla hajaiona x hata moja. Anayeelewa kwa nini mayai yamepotea hasumbuki sana na hatua zinazofuata.

4. Nani ameturuhusu kutoa mlinganyo mzima kutoka kwa mwingine?

Swali hili ni zuri kuliko linavyoonekana, na nasikitika kwamba mara nyingi linajibiwa kwa "ndiyo kanuni". Fikiria mizani ya sahani mbili iliyosimama sawa. Ukipunguza kitu upande wa kushoto na kupunguza kitu cha uzito uleule upande wa kulia, mizani inabaki sawa. Sasa c + 2m na 2,000 ni fedha ileile, imeandikwa kwa namna mbili tu. Ukipunguza c + 2m kushoto na 2,000 kulia, umepunguza kiasi kimoja pande zote mbili. Alama ya = inabaki kusema kweli.

Ndiyo maana pia unaweza kujumlisha milinganyo, au kuzidisha mlinganyo mzima kwa namba isiyo sifuri. Chapati 1 na mayai 2 vikiwa 2,000, basi mara tatu yake, chapati 3 na mayai 6, ni 6,000. Lisiloruhusiwa ni kugusa upande mmoja na kuuacha wa pili.

5. Mtihani ni kwa Kiingereza. Ni vibaya nikifikiri kwa Kiswahili?

Si vibaya hata kidogo. Namba hazijui lugha. Fikiri kwa lugha inayokufungulia jambo, kisha jifunze maneno machache ya Kiingereza yanayotumika kwenye karatasi ya mtihani, ambayo hayazidi kumi kwa mada hii.

Tahadhari moja inahusu Kiswahili chenyewe. Wanafunzi wangu wa kutoka Kivu wanasema "kutosha" kwa maana ya kutoa au kuondoa, wakati katika Kiswahili sanifu kutosha ni kufikia kiasi kinachohitajika. Nikisema "mlinganyo mmoja hautoshi", wapo walioelewa kwamba mlinganyo mmoja hauondoi kitu. Mkisoma pamoja, kubalianeni mapema neno mtakalotumia. Humu natumia "kutoa" kwa hesabu ya − na "kuondoa" kwa kuipoteza herufi.

## Hatua za kazi

6. Nianzie wapi nikiona swali?

Panga kwanza. Herufi zikae kwa safu, x chini ya x, y chini ya y, na namba tupu ziende upande wa kulia wa =. Ukipewa 2y = 11 − 3x na x = y + 2, usianze kutoa chochote kabla hujaandika:

3x + 2y = 11 …(i)
x − y = 2 …(ii)

Upe kila mlinganyo namba yake kama nilivyofanya, maana utaitaja baadaye. Kitu kinapovuka alama ya = kinabadili alama yake. Hapo −3x imekuwa +3x, na y imekuwa −y.

Kisha tazama namba za mbele, yaani zile zinazozidisha herufi. Kama herufi moja ina namba ileile ya mbele katika milinganyo yote miwili, bila kujali chanya au hasi, uko tayari kwa swali la 7. Kama sivyo, nenda swali la 8.

7. Nitajuaje kama najumlisha au natoa?

Tazama alama za herufi unayotaka kuiondoa, hiyo tu, usitazame nyingine. Alama zikifanana, toa. Zikitofautiana, jumlisha.

Mfano wa kujumlisha ni boti kwenye Albert Nile. Ikifuata mkondo kutoka Pakwach kuelekea Laropi inakwenda kilomita 18 kwa saa, na ikirudi kinyume cha mkondo inakwenda 12. Mwendo wa boti wenyewe ni b, na wa maji ni m (namba hizi nimezitunga kwa ajili ya zoezi, mto wenyewe hubadilika):

b + m = 18
b − m = 12

Herufi m ina + juu na − chini, kwa hiyo ukijumlisha inapotea: 2b = 30, b = 15, na m = 3. Ungeweza pia kutoa ili kuondoa b: 2m = 6. Njia zote mbili zinakufikisha palepale.

8. Namba za mbele hazifanani. Nizidishe kwa ngapi?

Tafuta kigawe kidogo cha shirika cha namba mbili za mbele, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili, kisha zidisha kila mlinganyo ili namba hiyo ifike hapo. Chukua:

4x + 3y = 27 …(i)
6x + 5y = 43 …(ii)

Ukitaka kuondoa x, kigawe kidogo cha shirika cha 4 na 6 ni 12. Zidisha (i) kwa 3 na (ii) kwa 2:

12x + 9y = 81 …(iii)
12x + 10y = 86 …(iv)

(iv) − (iii) inatoa y = 5. Ukiweka 5 kwenye (i), 4x + 15 = 27, kwa hiyo x = 3.

Ukisahau kigawe kidogo, njia ya haraka ni kubadilishana: zidisha (i) kwa 6 na (ii) kwa 4. Utapata 24x mara mbili, na jibu litakuwa lilelile. Si kosa, ila namba zinakuwa kubwa, na namba kubwa ndizo zinazozaa makosa.

9. Niondoe herufi ipi, x au y?

Yoyote, jibu halibadiliki. Nikiulizwa mimi, nachagua kwa mpangilio huu. Kwanza ile yenye namba ya mbele ileile tayari. Ikikosekana, ile ambayo namba moja inagawa nyingine, kama 2 na 6, kwa sababu nitazidisha mlinganyo mmoja tu. Ikikosekana pia, ile yenye alama tofauti, ili nijumlishe badala ya kutoa. Kwa nini napenda kujumlisha nimeeleza katika swali la 11.

10. Nimepata x. Naitafuta y kwenye mlinganyo upi?

Ule ulio rahisi, lakini uwe wa asili. Usitumie mlinganyo ulioutengeneza kwa kuzidisha, kwa sababu kama ulikosea wakati wa kuzidisha, kosa litakufuata.

## Makosa yanayorudi kila muhula

11. Mbona nakosea alama kila mara ninapotoa?

Kwa sababu kutoa namba hasi ni kugumu, na wengi tunajidai kwamba ni kwepesi. Katika madaftari ninayosahihisha, kosa hili linazidi mengine yote. Tazama:

3x + 5y = 27 …(i)
3x − 2y = 6 …(ii)

Alama za 3x zinafanana, kwa hiyo tunatoa, (i) − (ii). Mwanafunzi anaandika 5y − 2y = 3y, anapata 3y = 21, kisha y = 7. Kila kitu kinaonekana safi, na jibu zima limeharibika. Ukweli ni kwamba tunatoa −2y, si 2y:

5y − (−2y) = 5y + 2y = 7y
7y = 21
y = 3

Kisha 3x + 15 = 27, na x = 4.

Kwa nini kutoa hasi ni kuongeza? Fikiria una shilingi 5,000 mfukoni na deni la 2,000 dukani. Mali yako halisi ni 3,000. Mwenye duka akikuondolea lile deni, mali yako inakuwa 5,000. Ameondoa kitu, na wewe umeongezeka kwa 2,000. Nimewaona wanafunzi waliokariri "hasi kwa hasi ni chanya" miaka miwili bila kuiamini. Mfano wa deni ndio uliowafungua.

Dawa ninayoipendekeza kwa moyo wote ni hii: usitoe kabisa. Badili kila alama ya mlinganyo wa chini, kila moja, pamoja na ile ya upande wa kulia, kisha jumlisha:

3x + 5y = 27
−3x + 2y = −6
jumla: 7y = 21

Ni hesabu ileile, kwa sababu kuzidisha mlinganyo kwa −1 kunaruhusiwa (swali la 4). Inakugharimu mstari mmoja wa wino. Walimu wengine huona ni kupoteza muda. Mimi naona mstari huo ni wa bei rahisi kuliko swali zima.

12. Nimezidisha vizuri lakini jibu linakataa. Kosa liko wapi?

Tazama upande wa kulia kwanza. Mara nyingi mtu anazidisha 4x + 3y kwa 3, anapata 12x + 9y, halafu anaiacha 27 palepale. Mizani imelala upande mmoja, na kila kinachofuata ni bure. Ili kujikinga, weka mlinganyo mzima kwenye mabano pamoja na agizo lake, kama 3 × (4x + 3y = 27), kisha hesabu vipande vitatu kwa sauti: kimoja, cha pili, cha tatu.

13. Nimehakiki jibu likakubali, lakini mwalimu ameweka mkasi. Inawezekanaje?

Umehakiki kwenye mlinganyo uleule uliotumia kutafuta y. Huo utakubali siku zote, hata x ikiwa ya uongo, kwa sababu y uliitengeneza iukubali.

Jaribu na kosa la swali la 11. Ulipata y = 7. Ukiiweka kwenye (i), 3x + 35 = 27, na x = −8/3. Ukihakiki kwenye (i) tena: −8 + 35 = 27. Inakubali! Lakini kwenye (ii): −8 − 14 = −22, wala si 6. Kosa limefichuka. Kwa hiyo tafuta y kwenye mlinganyo mmoja, na hakiki kwenye ule mwingine. Ni nusu dakika, na hakuna nusu dakika yenye faida zaidi katika chumba cha mtihani.

## Maswali ya maneno

14. Nageuzaje hadithi kuwa milinganyo?

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza Uganda mwaka 2020, na mtihani wa kwanza wa UCE (wa kumaliza sekondari ya chini) chini ya mtaala huo ulifanywa 2024. Siku hizi maswali huja kama visa vya maisha, kwa hiyo kazi ya kuunda milinganyo ni yako.

Anza kwa kuandika kila herufi inasimamia *namba* gani. Hapa ndipo penye mtego. Wanafunzi huandika "c = chapati". Chapati si namba. Herufi c ni bei ya chapati moja kwa shilingi, au ni idadi ya chapati. Lazima useme ipi. Asiyesema, katikati ya kazi anachanganya bei na idadi, na halijui kosa lake.

Tuchukue mfano wa hapa Isingiro, kwenye ndizi za matoke. Mfanyabiashara amenunua mikungu 60 ya kupeleka Kampala. Mikubwa ni shilingi 15,000 kila mmoja, midogo 8,000. Ametumia 655,000. Amenunua mingapi ya kila aina? Idadi ya mikubwa iwe k, ya midogo iwe d. Swali lina habari mbili. Moja inahesabu mikungu, nyingine inahesabu fedha:

k + d = 60
15,000k + 8,000d = 655,000

Gawanya mlinganyo wa pili kwa 1,000 kabla ya jambo lolote: 15k + 8d = 655. Zidisha wa kwanza kwa 8: 8k + 8d = 480. Toa: 7k = 175, k = 25, na d = 35. Hakiki kwa fedha: 375,000 + 280,000 = 655,000.

Kumbuka kutozichanganya habari mbili katika mstari mmoja. Mikungu haijumlishwi na shilingi.

15. Swali la nauli ya boda lina kitu kimoja tu kinachobadilika, yaani kilomita. Hilo nalo ni la kuondoa?

Ndiyo, na ni katika maswali mazuri sana. Tuseme dereva anatoza kiasi cha kuanzia, kisha kiasi kwa kila kilomita. Kilomita 4 ni 3,000, kilomita 9 ni 5,500. Cha kuanzia kikiwa a, na cha kilomita kikiwa n:

a + 4n = 3,000
a + 9n = 5,500

Toa ya juu kutoka ya chini: 5n = 2,500, n = 500, a = 1,000. Kilomita tano za ziada zimelipiwa 2,500, na kiasi cha kuanzia kimejiondoa chenyewe. Sasa unaweza kukadiria nauli ya safari yoyote ya dereva huyo.

Na jibu likitoka hasi au sehemu? (Nimeliacha bila namba kwa sababu ni fupi.) Katika x na y tupu, hasi na sehemu ni majibu halali kabisa, ila hakiki. Katika hadithi, jiulize kama linawezekana. Mikungu 24 na nusu, au bei ya −300, ni dalili kwamba umekosea kuhesabu au kuunda milinganyo.

## Yasiyo ya kawaida

16. Kuna sehemu au desimali ndani ya milinganyo. Nifanyeje?

Zifukuze mwanzoni. Zidisha kila mlinganyo kwa kigawe kidogo cha shirika cha namba za chini zake:

x/2 + y/3 = 5, mara 6: 3x + 2y = 30
x/4 + y/3 = 4, mara 12: 3x + 4y = 48

Toa: 2y = 18, y = 9, x = 4.

Hata hivyo, tazama kabla ya kukimbilia kuzidisha. Katika mfano huu y/3 iko kwenye milinganyo yote miwili. Ungetoa moja kwa moja: x/2 − x/4 = 1, yaani x/4 = 1, na x = 4. Kwa desimali, zidisha kwa 10 au 100: 0.3x + 0.5y = 1.9 inakuwa 3x + 5y = 19.

17. Herufi zote mbili zimepotea pamoja! Nimekosea?

Huenda hukukosea. Hakikisha hesabu yako, kisha soma kilichobaki.

Tuseme siku moja umenunua sabuni 2 na pakiti 3 za chumvi kwa shilingi 12,000. Kesho yake sabuni 4 na chumvi 6 kwa 24,000. Ukizidisha mlinganyo wa kwanza kwa 2 na kutoa, unapata 0 = 0. Habari ya pili ni ya kwanza iliyorudiwa mara mbili, haikukuambia kipya. Majibu ni mengi yasiyo na mwisho, na kwenye grafu mistari miwili imelaliana. Andika hivyo; usiandike "x = 0".

Sasa tuseme kesho yake sabuni 4 na chumvi 6 zimekugharimu 30,000. Unapata 0 = 6,000, ambayo ni uongo. Hakuna bei moja inayoweza kutosheleza siku zote mbili; dukani maana yake ni kwamba bei zimepanda. Kwenye grafu mistari ni sambamba, haikutani. Jibu sahihi ni "hakuna suluhisho", na hilo ni jibu kamili lenye maksi zake.

Unaweza kulitambua mapema: namba za mbele za mlinganyo mmoja zikiwa ni za mwingine zilizozidishwa kwa namba moja, kama 2 na 3 dhidi ya 4 na 6, jiandae kwa mojawapo ya hali hizi.

18. Herufi zikiwa tatu?

Ondoa herufi ileile mara mbili, ukitumia jozi mbili tofauti za milinganyo. Utabaki na milinganyo miwili ya herufi mbili, na hiyo unaijua.

Swali ninalolipenda kwa hili ni la kale mno. Limo katika kitabu cha hesabu cha Wachina ambacho Liu Hui alikiandikia maelezo mwaka 263, na kitabu chenyewe ni cha zamani zaidi ya hapo. Wao walipanga vijiti vya kuhesabia ubaoni na kuondoa safu kwa safu, kama tufanyavyo. Linahusu mafungu ya nafaka ya daraja tatu: bora, wastani na hafifu. Mafungu 3 bora, 2 wastani na 1 hafifu yanatoa vipimo 39. Mafungu 2, 3 na 1 yanatoa 34. Mafungu 1, 2 na 3 yanatoa 26.

3a + 2b + c = 39 …(i)
2a + 3b + c = 34 …(ii)
a + 2b + 3c = 26 …(iii)

Ondoa c kwa (i) − (ii): a − b = 5 …(iv)

Ondoa c tena, safari hii kwa 3 × (i) − (iii): 8a + 4b = 91 …(v)

Zidisha (iv) kwa 4, 4a − 4b = 20, ujumlishe na (v): 12a = 111, a = 9¼. Kutoka (iv), b = 4¼. Kutoka (i), c = 39 − 27¾ − 8½ = 2¾. Hakiki kwenye (iii): 9¼ + 8½ + 8¼ = 26.

Kosa la kawaida hapa ni kuondoa c katika jozi ya kwanza na a katika jozi ya pili. Ukifanya hivyo unabaki na herufi tatu kama ulivyoanza. Njia hii leo inaitwa kwa jina la Mjerumani Gauss (1777–1855), ingawa unaona wenyewe waliotangulia ni akina nani.

19. Herufi zimekaa chini ya mstari wa sehemu, kama 2/x. Kuondoa kunafaa?

Kunafaa kama herufi zimejitokeza kwa namna hiyo tu kote. Kwa 2/x + 3/y = 2 na 4/x − 3/y = 1, usizidishe kwa xy. Ichukue 1/x kama kitu kimoja na 1/y kama kingine. Jumlisha: 6/x = 3, x = 2. Kisha 1 + 3/y = 2, y = 3. Lakini ukikutana na x² au xy, njia hii peke yake kwa kawaida haitoshi, tumia kuingiza (swali la 20).

20. Kuondoa au kuingiza, ipi bora?

Kuingiza ni kuiandika herufi moja kwa kutumia nyingine, kisha kuiweka kwenye mlinganyo wa pili. Kama herufi mojawapo tayari iko peke yake, mfano y = 2x − 1, ingiza. Kama kila herufi ina namba ya mbele kubwa kuliko 1, kama 4x + 3y na 6x + 5y, kuingiza kunakuletea sehemu nyingi mapema, na kuondoa ni salama zaidi. Swali likitaja njia, tumia hiyo hiyo hata kama nyingine ni fupi.

21. Kikokotoo changu kinatoa jibu moja kwa moja. Kwa nini niandike hatua?

Kwa sababu maksi nyingi ziko kwenye hatua. Ukiandika jibu tupu na limekosea, mtahini hana pa kukupa hata moja. Ukionyesha ulivyozidisha na kuondoa, kosa dogo la mwisho linakupunguzia kidogo tu. Kitumie kikokotoo mwishoni, kuhakiki kwenye ule mlinganyo mwingine, kama swali la 13 linavyosema.